Kamshafti inakufa kimya kimya, usisikilize, pima

Mwezi wa saba mwaka jana nlikuwa napandisha ule mlima wa kutoka Mto wa Mbu kwenda Karatu, mzigo wa kawaida tu, watu watatu na mahema, na Range Rover yangu ya 1993 yenye V8 ya 3.9 ikaanza kukohoa. Sio kuzima, sio kuchemsha, kukohoa. Unakanyaga mafuta unasikia pup, pup kule juu ya injini, alafu nguvu inashuka, ukipunguza mguu inatulia. Kwenye tambarare ilikuwa inatembea vizuri, sailensa (injini inapozunguka bila kukanyaga mafuta) nzuri kiasi, na kelele ya chuma hamna kabisa. Hilo la kelele hamna ndo lililonipotezea miezi miwili na hela nyingi na ndo linanifanya niandike leo.

Maana kila gereji niliyopita ilikuwa hadithi ileile, wanafungua boneti, wanasikiliza, wanasema kamshafti, ule mtaimbo wa ndani unaofungua valvu, iko poa, ingekuwa imeisha ungesikia inagonga. Basi zikabadilishwa plagi. Zikabadilishwa waya za plagi na kifuniko cha distribyuta. Ikabadilishwa pampu ya mafuta. Fundi mmoja akapima kompresheni, silinda zote nane zikatoka karibu sawa, akaniambia injini nzima, tatizo lako ni umeme, na mimi nikamwamini kwa sababu kile kipimo nilikiona kwa macho yangu.

Mwisho nikaelekezwa kwa mzee mmoja kule Unga Limited, Arusha, kazeeka na Land Rover mikononi. Nikamsalimia shikamoo, nikaanza kumwelezea plagi na waya, akanikatisha.

"Mwanangu, kamu umezipima?"

"Mzee, injini haina kelele hata kidogo."

"Nimekuuliza umepima. Sijakuuliza umesikia nini."

Sasa ngoja nielezee vile mzee alivyonielewesha, maana ukishaelewa hapa hutadanganywa tena na mtu anayeweka sikio kwenye bisibisi. Kamshafti ya hii injini ni moja, imelala katikati ya V, ina kamu 16, moja kwa kila valvu. Kila kamu imekaa kama yai, ule upande wa mviringo tuuite mgongo, na ule uliochongoka tuuite pua. Juu ya kamu inakaa lifta, juu ya lifta pushirodi, kisha roka, na roka ndo inasukuma valvu. Lifta zake ni za oili, ndani kuna kapistoni kadogo kanakojazwa oili kwa presha ya injini, kazi yake ni kumeza nafasi yote ili usihangaike kupima tapeti kwa fila, kile kibati chembamba cha kupimia nafasi. Na hiyo nafasi inamezwa wakati lifta imekalia mgongo, valvu ikiwa imefunga.

Kamu inaliwa wapi? Puani. Pale ndo springi ya valvu inakuwa imeminywa mpaka mwisho na uzito wote unabebwa na kamstari kembamba ka chuma. Sasa pua ikiliwa hata milimita mbili, mgongo uko vilevile, nafasi bado ni sifuri, na pasipo nafasi chuma hakigongi chuma. Kinachotokea ni kwamba valvu inafunguka pungufu kuliko inavyotakiwa, na kila wiki inapungua zaidi, na wewe unaendesha tu unasema siku hizi gari imechoka.

Na hii sio ya lifta za oili peke yake. Wale wenye injini ya 4A-GE ya Toyota, ile ya valvu 16 yenye shimu (kijisahani cha kurekebisha nafasi) juu ya bakuli, kitabu kinataka 0.15 hadi 0.25 mm upande wa inleti na 0.20 hadi 0.30 eksozi, na hiyo fila unaipitisha kamu ikiwa imegeuza mgongo. Unaweza ukapata namba safi zote 16 kumbe pua zimeisha. Pale inatakiwa maikromita, upime urefu wa kamu kuanzia mgongoni mpaka puani, ulinganishe moja na nyingine.

Kompresheni nayo ilinidanganya kwa sababu hiyohiyo. Ukipima kompresheni injini inazungushwa na stata tu, taratibu sana, kwa hiyo hata valvu ikifunguka nusu hewa ina muda wa kutosha kuingia na kutoka. Shida inakuja kwenye resi na mzigo, pale muda unapokuwa hamna. Na ile pup pup ina maana yake, mzee aliitaja kabla hajagusa gari: kamu ya eksozi ikiisha, moshi uliokwishaungua haupati pa kutokea, unabaki umebanwa ndani, inleti ikifunguka unarudi juu kwenye manifodi. Kwa hiyo V8 ya pushirodi ikikohoa juu ukiwa mlimani, na umeme na mafuta viko sawa, mimi siku hizi naanza kushuku kamu ya eksozi kabla ya kitu chochote cha kununua.

Kupima ni kazi ya asubuhi moja. Unatoa plagi zote ili injini izunguke kwa mkono, unatoa vifuniko vya roka, alafu unatoa roka shafti, kila upande ina boliti nne na unazilegeza kidogo kidogo kwa zamu, usimalize moja ndo uende nyingine, itapinda. Pushirodi unaziacha zimesimama mahali pake. Kisha unaweka dayo geji, ile saa ya kupimia yenye sindano, ncha yake juu ya kichwa cha pushirodi. Hapa nilikwama kidogo, kishikio cha dayo geji ni cha sumaku na hii injini hedi na bloku vyote ni aluminiamu, sumaku haishiki popote. Mzee akachukua kipande cha bapa la chuma, akakitoboa, akakifunga na boliti kwenye tundu la kifuniko cha roka, sumaku ikapata pa kukaa. Alafu spana kwenye boliti ya puli ya krankshafti, dogo mmoja anazungusha polepole, mizunguko miwili ya kranki ndo mzunguko mmoja wa kamu, wewe unasoma sindano inapanda mpaka wapi, unaandika.

Kwa hii 3.9 valvu inatakiwa ifunguke kama 9.9 mm, na roka inazidisha mara 1.6, kwa hiyo kwenye pushirodi unategemea kama 6.2. Tukaandika kwa chaki kwenye sakafu. Silinda ya 1, inleti 6.1, eksozi 6.0. Ya 3, 6.1 na 5.8. Tukafika ya 5, eksozi, sindano ikapanda, ikasimama, ikaanza kurudi, dogo akadhani ameruka, akarudia. 3.4. Karibu nusu ya kamu haipo! Ya 8 upande wa inleti tukakuta 4.3. Zingine zote zilikuwa kati ya 5.7 na 6.2. Nilikaa chini pale nikaangalia zile namba za chaki, nikafikiria pampu ya mafuta niliyonunua.

Kama huna dayo geji kuna kipimo cha kienyeji, na hicho kinakuonyesha ugonjwa kabla haujafika huko. Lifta nzima haitulii, inajizungusha. Uso wake wa chini sio bapa, umevimba kidogo sana katikati, na kamu nayo imechongwa na mwinamo mdogo, kwa hiyo kila kamu ikipita inaisukuma lifta izunguke kidogo, ndo maana uso wote unalika kwa usawa. Lifta ikiacha kuzunguka, kamu inapita mstari uleule kila mara na hapo hesabu siku. Sasa toa kifuniko cha roka, weka alama ya rangi nyeupe kwenye kila pushirodi, washa injini iwe sailensa, angalia. Pushirodi inazunguka pamoja na lifta yake. Ile iliyogoma kuzunguka ndo mgonjwa wako.

Niongee pia upande wa pili, pale kelele ipo na watu wanaitupia lifta, maana hapo ndo wengi wanabadilisha lifta 16 bure. Tik tik ya asubuhi inayopotea gari ikipata moto mara nyingi ni gasketi ya eksozi manifodi inayovuja, ukiangalia utaona masizi meusi pale inapotokea. Tik tik ya roka shafti ipo sana kwenye hii injini, vitundu vya oili vinaziba na tope, shafti inalika upande wa chini, ukiishika roka kwa mkono unaisikia inacheza. Na kuna ile mbaya kuliko zote, ya slivu, lile bomba la chuma ambamo pistoni inapanda na kushuka. Kwenye 3.9, 4.0 na 4.6, injini ikishachemka vibaya slivu inaweza kulegea kwenye bloku, inapanda na kushuka pamoja na pistoni, slivu yenyewe inagonga hedi, na mlio wake ni wa lifta kabisa, fundi mzoefu anaapa ni lifta. Tofauti ambayo mimi naiangalia ni moto: lifta iliyokosa oili inalalamika zaidi asubuhi ikiwa baridi alafu inatulia, slivu inaanza kugonga injini ikishapata moto. Ukiwa na mlio wa moto na gari inapoteza maji bila kuona yanapovujia, weka pesa ya lifta mfukoni kwanza. Bloku ya hivyo dawa yake ni kuwekewa slivu zenye kofia juu, hamna njia ya mkato.

Turudi kwenye yangu. Tukatoa inleti manifodi, tukatoa lile bati kubwa la gasketi linalofunika bonde, lifta zikaonekana zimekaa mistari yake. Kumi na nne zikatoka kwa kuvuta na vidole. Ile ya 5 eksozi ikagoma, ikapanda kidogo ikakwama, kwa sababu uso wake wa chini ulishapondeka ukatanuka kama kichwa cha patasi iliyopigwa sana nyundo, haipiti tena kwenye tundu lake. Ya 8 vilevile. Usiivute kwa nguvu, utakwaruza tundu na tundu ni aluminiamu. Inabidi kamshafti itoke kwanza kwa mbele, rejeta itoke, grili itoke, kava la taiming chen litoke, ndo uisukume lifta iende chini.

Ilivyotoka mzee akaifuta, akaniwekea kiganjani, akadondoshea tone la oili upande ule uliokuwa unakaa juu ya kamu. Tone likatulia pale katikati kama uji kwenye kijiko. Lifta nzima ingelimwaga. Alafu akachukua mbili nzuri, akazigusanisha uso kwa uso, zikawa zinachezacheza zikizunguka juu ya mwenzake kwa sababu zote zimevimba katikati. Hicho kipimo cha kuzigusanisha ndo kiliniokoa baadaye, maana lifta za kwanza nilizoletewa, ndani ya boksi zuri, zilikuwa zinakaa uso kwa uso zimetulia tuli. Bapa kabisa. Nikazirudisha dukani siku hiyohiyo, muuzaji akashangaa nazipima na nini, nikamwonyesha.

Kamu nayo ukiiangalia inasimulia. Kamu nzima ina mstari wa kung'aa umeelemea upande mmoja, haujaenea upana wote. Kamu iliyoanza kufa mng'ao umeenea ukingo hadi ukingo, ukipitisha kucha unasikia mikwaruzo. Ile ya 5 pua yake ilishakuwa duara, ukiitazama kwa ubavu karibu huoni tena yai.

Chuma chote hicho kilienda wapi, ndo swali nililomuuliza mzee, akanionyesha filta. Filta ya oili usikate na grainda, itajaza vumbi lake la chuma humohumo na utasoma uongo, kata na mkasi wa bati. Kunjua ile karatasi, ifinye oili itoke, ipitishie sumaku kwa nje. Kamshafti ni chuma cha kalibu, kinashika sumaku. Uso laini wa beringi za konrodi haushiki. Yangu ilitoa uji mweusi unaong'aa kwenye sumaku, na katikati ya mikunjo kulikuwa na vichembe vyeupe ambavyo sumaku haikuvigusa, kwa hiyo tukashusha sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, beringi za konrodi mbili zilikuwa zimechorwa mistari na kile chuma cha kamu. Zikabadilishwa zote. Mtu anayekuuzia kamshafti mpya bila kukuambia usafishe sampu na uangalie beringi anakuuzia nusu ya kazi.

Kwa nini ilikufa? Hii injini ina umri, ni aluminiamu ya Buick ya 1961 ambayo Rover walinunua haki zake 1965 na ikaingia kwenye Range Rover 1970, ikaenda mpaka kwenye magari ya TVR na Morgan, ni ya zama ambazo oili zilikuwa na zinki na fosforasi za kutosha, ile dawa inayoitwa ZDDP. Hiyo dawa inaweka ngozi nyembamba juu ya chuma pale oili inapobanwa mpaka kukatika, na pua ya kamu na lifta bapa ndo mahali penyewe (bapa ni jina tu, maana yake haina rola, uso wake bado umevimba kidogo). Lakini fosforasi inaua masega ya eksozi (catalytic converter, ya kusafisha moshi), kwa hiyo daraja la oili la API SM lilivyokuja 2004 fosforasi ikawekewa kikomo cha 0.08% kwa oili nyepesi kama 5W-30 na 10W-30. Kwa magari yenye lifta za kuviringika (zenye rola) au kamu za kisasa hamna shida. Kwa lifta bapa ni shida, na aliyekuwa na gari kabla yangu, nilikuja kuelewa kwenye stika ya sevisi iliyobaki mlangoni, alikuwa anaweka 5W-30 ya kisasa akijua anaipa kitu kizuri, kitu cha bei. Huyo mtu alikuwa analijali gari lake, na hapo ndo panaponiuma.

Mimi natumia 20W-50 ambayo kile kikomo hakiigusi, na nasoma karatasi ya mtengenezaji natafuta zinki na fosforasi zaidi ya 1,000 ppm, yaani 0.1%. Wengine wanatumia oili ya dizeli 15W-40 ya daraja la CI-4 na kwa hali ya joto ya kwetu naona ni chaguo la heshima.

Kamshafti mpya niliagiza Uingereza, yenye nguvu zaidi kidogo kwenye resi ya chini kwa ajili ya milima, springi nikaacha zilezile, maana springi ngumu ni mzigo zaidi kwenye pua, na watu wanaotengeneza injini za mashindano wenye springi mbili mbili wanatoa ya ndani wakati wa kuzoesha kamu ndo wairudishe baadaye. Lifta mpya zote 16, lazima. Lifta ya zamani juu ya kamu mpya inaweza kuiua ndani ya dakika, na kama unarudisha kamu ya zamani kila lifta irudi kwenye kamu yake mwenyewe, kwa hiyo weka namba. Na kwa sababu roka za hii injini hazina skrubu ya kurekebisha, pima kapistoni ka ndani ya lifta kanaminywa kiasi gani ukishafunga roka shafti, mimi nataka kati ya 0.5 na 1.5 mm, ikizidi unaweka shimu chini ya vikalio vya shafti.

Dakika ishirini za kwanza ndo zinaamua maisha ya kamshafti. Tulipaka ile grisi nyeusi ya molibdenamu kwenye kila pua na kila uso wa lifta. Pampu ya oili ya injini hizi za zamani inaendeshwa na shafti ya distribyuta, kwa hiyo tukatoa distribyuta, tukaizungusha pampu na drili mpaka oili ikaonekana kwenye roka pande zote. Maji yamejaa, mafuta yako kwenye reli, taiming imewekwa sawa, kwa sababu ikiwaka hutakiwi kuhangaika kuizungusha na stata. Ikawaka mara ya kwanza, nikaipandisha moja kwa moja resi 2,000 hadi 2,500, napandisha na kushusha kati ya hapo, dakika ishirini, sailensa marufuku, kwa sababu kwenye sailensa oili inayorushwa na krankshafti kufika kwenye kamu ni kidogo. Mzee alikaa na saa mkononi. Majirani walikuja kuangalia, mama mmoja wa mgahawa pembeni akauliza kama gari linaungua. Baada ya hapo tukamwaga oili yote na filta, ikawekwa mpya.

Filta ya kwanza nilikata siku ileile, ilikuwa na ukungu wa kijivu kutokana na ile grisi na chuma kidogo cha kuzoeana, kawaida. Ya pili nilikata baada ya kilomita 800, sumaku ikatoka safi. Juzi jumamosi, ikiwa imetembea kilomita 5,000 na imepanda Karatu mara nne, nikarudi kwa mzee, tukatoa vifuniko vya roka, tukapaka alama nyeupe kwenye pushirodi zote 16, nikawasha. Mzee akainama na tochi upande wa kushoto, mimi kulia. Ya 2, ya 4, ya 6, ya 8, zangu zote zilikuwa zinazunguka polepole, zile alama zinakuja zinapotea zinakuja. Nikamuuliza, "mzee, ya 5 je?" Hakunijibu kwanza, alibaki ameinama pale muda mrefu, alafu akasema, "inacheza ngoma kuliko wenzake."